"Si Atasahau Tu?" Maswali Yenu Kuhusu Likizo na Watoto Wadogo

Kila Juni na Desemba zinapokaribia, swali moja hurudi kwa sura nyingi: je, familia yenye watoto wadogo ina haja ya kutoka pamoja, au ni gharama na uchovu mtupu? Tumechagua barua sita. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zenye mambo yanayowakwaza wengi.

Mume wangu anasema ni kutupa hela

*Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine miezi 14. Naomba mwaka huu tutoke sote, hata siku nne tu. Mume wangu anasema hawa hawatakumbuka chochote, tusubiri wakue. Anataka tuwapeleke kwa bibi yao Same kwa mwezi mzima, sisi tubaki tukifanya kazi. Nani yuko sahihi? — Mama wawili, Tabata, Dar es Salaam*

Kwenye suala la kumbukumbu, mume wako ana nusu ya ukweli. Watu wazima wengi hawakumbuki tukio lolote la kabla ya umri wa miaka 3 au 3 na nusu. Huyo wa miezi 14 hatakuja kuisimulia safari hii. Wa miaka 4 ameshaingia umri ambao matukio huanza kubaki, na kinachosaidia sana yabaki ni mazungumzo ya nyumbani baada ya kurudi. Mkimuuliza "Tulimwona nani pale kwenye maji? Akafanya nini? Halafu wewe ukasema nini?" na kumwacha amalizie kwa maneno yake, kumbukumbu hujengeka. Mkimuuliza maswali ya ndiyo au hapana, inafifia. Safisheni picha tano au sita za karatasi na mzibandike pale macho yake yanapofika. Picha iliyo ndani ya simu ya baba haimsaidii kitu.

Lakini kukumbuka si kipimo cha faida. Hakuna anayekumbuka siku aliyojifunza neno "maji", na neno analo. Mtoto wa mwaka mmoja hujifunza kwa kujibiwa: ananyoosha kidole, mtu mzima anatazama kule kule, anataja kitu, mtoto anajaribu kukitaja. Jambo hilo linataka mtu mzima asiye na haraka. Sasa piga hesabu ya siku ya kawaida Dar es Salaam. Baba anayetoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa 2 usiku humkuta mtoto macho kwa nusu saa, akibahatika. Siku nne za likizo, kila moja ikiwa na saa 8 za kuwa pamoja, ni saa 32. Kwa mwendo wa nusu saa kwa siku, hizo ni siku 64 za kazi, yaani zaidi ya wiki 12. Mwonyeshe mume wako hesabu hiyo kabla ya kumwonyesha bei ya nyumba ya wageni.

Kwa bibi ni kuzuri, na tusipaseme vibaya. Huko watoto wanapata lugha ya nyumbani, wanajua ndugu zao, wanacheza nje. Ila faida hiyo ni ya mtoto na bibi, haichukui nafasi ya mtoto na wazazi. Vilevile, kati ya miezi 10 na 18 hofu ya kuachwa huwa kali kuliko wakati mwingine wowote. Kumwacha mtoto wa miezi 14 ghafla, mwezi mzima, kwa mtu ambaye amemwona mara mbili maishani ni kumpa mzigo usiolingana na umri wake. Bibi naye atalala na mtoto anayelia.

Mapendekezo yetu yanawapa wote wawili sehemu ya mnachotaka: nendeni Same pamoja, kaeni wote siku zote nne, kisha mkubwa abaki kwa bibi wiki mbili na mdogo arudi nanyi. Same iko pua na mdomo na hifadhi ya Mkomazi, na katika hifadhi za taifa za Tanzania mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio.

Siku nne zisiwe na ratiba ya kijeshi. Usiku wa kwanza mtoto mdogo hulala vibaya kwa sababu ya chumba kigeni, hivyo safari ya usiku mmoja huishia hapo hapo kwenye uchovu. Usiku tatu ndio mwanzo wa mapumziko. Wekeni jambo moja kubwa kwa siku, lifanyike asubuhi, na mrudi kabla ya usingizi wa mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13. Kinachoharibu safari nyingi ni hiki: wazazi wanabana matembezi matatu kwa siku "ili hela isipotee", usingizi wa saa 7 mchana unarukwa, ikifika saa 11 jioni mtoto anajigaragaza chini, na wazazi wanaanza kugombana wao kwa wao. Mtoto hakudeka hapo. Alinyimwa usingizi.

Mume wako akisema hana siku, akumbushwe kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo katika mwaka, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi. Aombe tarehe mapema, kwa sababu mwajiri ana sauti katika kupanga lini.

Desemba yangu ni jikoni

*Kila Krismasi tunakwenda Rombo kwa wazazi wa mume wangu. Mimi napika kwa watu zaidi ya ishirini, nafua, naosha vyombo. Watoto wangu, wa miaka 2 na 5, wanazurura na binamu zao. Narudi nimechoka kuliko nilivyoondoka, na wenzangu ofisini wananiambia "umetoka likizo". Je, nina haki ya kulalamika? — Mama Eliya, Arusha*

Unayo, na huhitaji kumkosea heshima mama mkwe ili uitumie. Kwenda nyumbani Desemba ni wajibu wa ukoo wenye thamani yake, lakini mwili wako na watoto wako hawajapata mapumziko. Haya ni mambo mawili, na yanahitaji siku zake tofauti.

Njia inayofanya kazi kwa familia nyingi ni kukata siku mbili au tatu na kuziweka kabla ya kufika nyumbani, si baada ya kutoka. Zikiwekwa mwisho, huliwa: msiba, kipaimara, gari la mtu linalokwenda mjini. Mkiondoka Arusha tarehe 19 na kupumzika mahali tulivu hadi tarehe 22, mtafika Rombo mkiwa na nguvu. Anayetoa taarifa kwa wazazi ni mume, kwa kauli yake, mapema: "Mama, mwaka huu tutafika tarehe 22 jioni." Ukiitoa wewe, itasikika kuwa mke amemzuia mtoto wa watu.

Huko nyumbani, usiombe "msaada" kwa ujumla wake, kwa sababu kila mtu atakubali na hakuna atakayesimama. Omba zamu yenye saa na jina: baba watoto anawashika wawili hao kuanzia saa 3 hadi saa 6 asubuhi kila siku, anawaogesha na kuwalisha uji wa saa 4. Nyinyi wake mlioolewa na ndugu wa familia hiyo, gawaneni siku za kupika badala ya kupika wote kila siku. Changieni kumlipa kijana au binti wa jirani aoshe vyombo na masufuria siku tatu kubwa. Fedha hiyo ni ndogo mkiigawanya kwa kaya nne.

Jambo la usalama ambalo halipendezi kulisema wakati wa sherehe: mtoto wa miaka 2 "anayeangaliwa na wote" mara nyingi hakuna anayemwangalia. Kwenye umati wa binamu, majeraha ya moto na maji ya moto hutokea kwenye mafiga na masufuria makubwa ya nje. Awe na mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina kila saa, na anapobadilishana aseme kwa sauti, "Sasa ni wewe."

Homa baada ya pwani

*Tunaishi Kasarani, Nairobi. Tulipokwenda Diani mwaka jana, mtoto wetu alipata homa siku ya tatu. Duka la dawa walitupa dawa za malaria bila kumpima. Agosti tunarudi tena na watoto wa miaka 2 na 5. Tufanyeje? — Baba wawili, Nairobi*

Homa ya siku ya tatu haikuwa malaria ya Diani. Mbu akimwambukiza mtoto leo, vimelea huhitaji angalau siku 7 hivi kabla ya homa kuanza, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo inaelekea mtoto yule alikuwa na ugonjwa mwingine, pengine aliondoka nao nyumbani, na akapewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao huku ule halisi ukiachwa. Malaria ya safari huonekana mkisharudi Nairobi, watu wakiwa wameshasahau bahari. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mhudumu waziwazi: "Tulikuwa Pwani tarehe fulani." Bila sentensi hiyo, kliniki ya Nairobi inaweza kutibu mafua.

Watoto wa Nairobi wana hatari zaidi kuliko wenyeji wa Kwale. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maambukizi ni machache, hivyo miili yao haijajenga kinga. Hali ni hiyo hiyo kwa watoto wa nyanda za juu kama Njombe wanaposhuka Dar es Salaam au Tanga. Wiki mbili kabla ya safari, ulizeni kituo cha afya kuhusu dawa za kukinga. Kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo mpelekeni akapimwe uzito, msikadirie.

Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Bebeni chandarua chenu chenye dawa, cha pembe nne, pamoja na kamba ya mita 4 na sindano yenye uzi. Vyandarua vya nyumba za kulala wageni vina matundu mara nyingi, tena vile vya mviringo vinavyoning'inia hugusa mwili wa mtoto, na mbu humuuma kupitia humo humo. Chomekeni pindo chini ya godoro kabla ya saa 12 jioni, si mkienda kulala. Mafuta ya kufukuza mbu yasipakwe mtoto wa chini ya miezi 2. Kwa hawa wenu pakeni, ila si viganjani, kwa sababu viganja huenda mdomoni na machoni. Kama mnapaka na mafuta ya kukinga jua, ya jua yatangulie.

Kuna mbu mwingine wa pwani anayeuma mchana, ndiye anayeleta homa ya dengi. Ndiyo maana mtoto akipata homa kali huko mpeni paracetamol tu, kwa kipimo cha uzito wake, na muepuke ibuprofeni na aspirini hadi apimwe na kuonekana hana dengi, maana dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Degedege, kulegea sana, kushindwa kunywa au kutapika kila kitu ni safari ya hospitali wakati huo huo, hata usiku.

Kuhusu bahari: Agosti ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Mawimbi huwa na nguvu na mwani hujaa ufukweni, lakini jua halichomi kama la Januari. Ulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, zinabadilika kila siku. Maji yakipwa, watoto wavae viatu vya mpira, maana kwenye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni. Maji yakijaa, mtu mzima awe ndani ya urefu wa mkono wake kutoka kwa mtoto, bila simu. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama watu wanavyodhani. Huzama kimya, chini ya dakika mbili, na maboya ya kupuliza ya mikononi hayamzuii.

Tuna shilingi 250,000 tu

*Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa bodaboda. Watoto wana miaka 6 na 2. Hatujawahi kwenda popote sote. Tumeweka 250,000. Zinatosha kitu? — Msomaji, Gongo la Mboto*

Zinatosha siku tatu Morogoro kwa treni ya SGR, na treni yenyewe kwa mtoto wa miaka 6 ni nusu ya likizo. Nauli ya kawaida Dar es Salaam hadi Morogoro iliyotangazwa huduma ilipoanza 2024 ni 13,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na wa chini ya miaka 4 hatozwi. Hakikisheni kabla ya kukata. Kwa hesabu hiyo kwenda ni 32,500, kwenda na kurudi 65,000. Tengeni 60,000 za chumba kwa usiku mbili, 75,000 za chakula kwa siku tatu, 20,000 za bajaji, na 30,000 zisiguswe kabisa: hizo ni za homa, kuhara au treni iliyowaacha.

Pengo ambalo wengi hulisahau ni mapato ya siku hizo. Bodaboda ikisimama siku tatu, hesabu ya tajiri kama pikipiki si yenu haisimami. Ongeeni naye kabla. Wewe maliza nguo za wateja wiki moja nyuma, la sivyo simu zitawafuata hadi Morogoro. Nendeni Jumatatu hadi Jumatano, viti vinapatikana na vyumba vinapungua bei ukizungumza. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha huyo wa miaka 6.

Huko, asubuhi moja nendeni kwenye vijito vya chini ya milima ya Uluguru, nyingine sokoni kuchagua matunda pamoja na watoto. Maji ya kijito si ya kunywa. Kwenye begi wekeni pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha. Pakiti ya kawaida huyeyushwa kwenye lita 1 kamili ya maji salama, ikatumika ndani ya saa 24. Kosa la kawaida ni kuikoroga kwenye glasi moja ya maji: chumvi inazidi na mtoto anaumia zaidi.

Fedha zikikatika njiani kabla ya tarehe, msifute siku. Kaeni nyumbani siku zile zile tatu, cherehani ifunikwe, pikipiki iegeshwe, chakula kipikwe siku moja kabla. Bila kufunika cherehani utajikuta unashona.

Anatapika kila safari ya basi

*Binti yangu ana miaka 5. Dar hadi Mbeya anatapika mpaka anaishiwa nguvu. — Mama Neema, Ubungo*

Sikio la ndani linamwambia anatembea, macho yanayotazama kiti au simu yanamwambia ametulia. Mgongano huo ndio kichefuchefu. Huwashika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Kata viti vya mbele ya katikati ya basi, si juu ya tairi la nyuma, akae mahali anapoona barabara mbele. Simu isitumike kabisa. Saa moja au mbili kabla ya kuondoka ale kidogo kitu kikavu, mkate au ndizi. Maziwa na chipsi ni hapana. Njiani maji kwa mafunda madogo ya mara kwa mara. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, hivyo beba kopo la lita 1 lenye mfuniko, kitambaa chenye maji na nguo mbili za kubadilisha kwenye mkoba wa miguuni, si kwenye buti la basi.

Mtihani wenyewe ni kona za mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa. Kama mna uwezo, igaweni safari: laleni Iringa, na kesho yake mkubaliane na usafiri wa kuwapitisha Isimila, kilomita 20 hivi kuelekea Mbeya, mtoto akimbie kati ya nguzo zile za udongo kabla ya kukaa tena. Dawa za kuzuia kutapika ziulizwe kwa mfamasia kwa umri wake. Promethazini hapewi mtoto wa chini ya miaka 2.

Tumerudi, amebadilika

*Wangu wa miaka 3 amerudi kukojoa kitandani na hataki kulala peke yake tangu tutoke Lushoto. Je, safari imemdhuru? — Baba Sada, Tanga*

Haijamdhuru. Siku sita amelala akiwasikia mnapumua, sasa mmemrudisha chumba chake na nyie mmerudi kazini asubuhi moja. Mpeni wiki moja hadi mbili. Usingizi urudi saa ile ile ya zamani, umsogezee dakika 15 kila usiku kama ulikuwa umesogea mbele, mpelekeni msalani kabla ya kulala, msimcheke wala kumchapa. Akilowesha kitanda zaidi ya wiki tatu, au akiona uchungu anapokojoa, apimwe mkojo. Na mkipanga safari ijayo, rudini Ijumaa, si Jumapili usiku, ili apate siku mbili nanyi nyumbani kabla ya kazi na chekechea kuanza.